Valvu Iliyofaulu Ikiwa Chini ya Bahari

Bado amesimama! Nyinyi wiki nzima mmekula, mmelala, mmegombana na wenye nyumba wenu, na Mkaguzi bado yuko pale pale tulipomwacha, katikati ya ukumbi wa Tume, mkono juu.

"Naomba kusema, mheshimiwa."

Mwenyekiti wa Tume ni jaji mstaafu. Tangu asubuhi alikuwa anasikiliza ushahidi huku amefumba macho, na wapo waliodai wamemsikia akikoroma kwa umakini mkubwa. Sasa akafumbua jicho moja.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mkaguzi wa Mamlaka ya Mafuta. Na yule kijana mnayetaka kumfunga ni mdogo wangu."

Ukumbi mzima ukageuka.

Wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani na ya nyuma hukuyasoma, sikiliza upesi, sirudii. Kule baharini, kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta la Kampuni, kisima namba nne kilikatika valvu ya usalama, kikatapika mafuta siku kumi na moja. Ufukwe mzima mweusi. Kaa wanatembea wamelewa. Ndege wa baharini wamekaa juu ya mawe na mabawa yamegandana, hawaruki wala hawafi. Kampuni ikafanya uchunguzi wa kina, saa nzima bila hata kupumzika, ikagundua kwamba chanzo ni "upungufu wa kibinadamu". Na binadamu mwenyewe hakukawia kupatikana: fundi wa zamu, miaka ishirini na sita, ndugu yake Mkaguzi tumbo moja. Eti alichelewa kuifunga valvu. Tume ikimtia hatiani, anakwenda jela miaka kumi na minne, na Kampuni inakifungua tena kisima namba nne Jumatatu.

Sasa dada mtu anajua jambo. Wiki iliyopita, akipita karibu na meza ya Wakili wa Kampuni, jicho lake liliangukia kwenye jalada lililokuwa wazi. Ukurasa wa arobaini na saba akaona fomu ya kupima valvu ya kisima namba nne. Imefaulu. Tarehe ya fomu ni ya mwezi ujao. Na chini kuna sahihi yake yeye mwenyewe.

Umeelewa? Akiifichua hiyo fomu, mdogo wake anapona na yeye anaungua. Twende.

"Kaa chini," alinong'ona mtu aliyeketi kushoto kwake, akimvuta sketi. Huyo ni Bosi wa Mamlaka, mwenye kazi ya kuisimamia Kampuni, amevaa tai yenye nembo ya Kampuni. "Kaa chini mama, usijitie wazimu. Kikao cha kupandisha vyeo ni wiki ijayo."

"Niachie sketi, mzee."

"Nakuonya kama baba yako."

"Baba yangu hakuwa mwoga."

Akajing'oa, akasogea mbele hadi kwenye meza ya Mwenyekiti. Safu ya nyuma kabisa, mama yao mzazi aliinuka nusu, akakaa tena. Bi mkubwa huyo alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka ufukweni, ambako Kampuni imewaajiri kina mama kusugua mawe. Ndiyo, kusugua mawe, moja moja, kwa brashi ya kufulia. Kila mmoja kapewa ndoo, sabuni ya maji, na fulana iliyoandikwa BAHARI SAFI, MOYO SAFI. Glavu ziko njiani. Ziko njiani tangu wiki mbili zilizopita, na viganja vya Mama vimekwisha kuchunika vyote.

"Mheshimiwa," alisema Mkaguzi, "naomba ufungue jalada la Kampuni. Ukurasa wa arobaini na saba."

Karani wa Tume akalamba kidole, akaanza kufunua. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Arobaini na nane.

Akarudi nyuma. Arobaini na sita. Arobaini na nane.

"Mheshimiwa, arobaini na saba hakuna."

Loo! Wakili wa Kampuni aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha koti, akajikohoza.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, jalada hili limelindwa na Tume yenyewe. Kama ukurasa umetoka, basi umetoka kwa miguu yake." Watu wakacheka. "Tunamhurumia dada huyu. Uchungu wa ndugu unaweza kumfanya mtu aone karatasi zisizokuwepo. Tunaomba asindikizwe nje, apewe maji ya kunywa."

"Niliiona kwa macho yangu!"

"Bila shaka. Na jana mimi nilimwona marehemu babu."

Watu wakacheka tena. Askari wawili wakaanza kusogea. Na kule mbele, kwenye kiti cha mshtakiwa, mdogo wake aliinamisha kichwa, kwa aibu ya kumwona dada yake akichekwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo Mungu alipoonyesha kwamba naye husoma magazeti.

Kwenye benchi la waandishi wa habari kulikuwa na bwana mmoja mnene, wa gazeti lingine, si hili, akijipepea kwa folda. Folda nzuri, ngumu, ya buluu, ina nembo ya Kampuni, maneno NAKALA YA JALADA na utepe mweupe. Joto la ukumbi lilikuwa halina huruma na bwana huyo alikuwa amejipepea nayo tangu Jumanne. Hakuwa ameufungua utepe. Hakuna aliyekuwa ameufungua.

Mkaguzi aliitazama ile folda. Akaitazama tena. Akampita askari wa kwanza, akamkwepa wa pili, akampokonya yule bwana pepeo lake.

"We mama, vipi, natoka jasho!"

"Utakauka."

Akakata utepe kwa meno.

Ngoja nikueleze folda ile ilitoka wapi. Wiki iliyopita, Meneja Uhusiano wa Kampuni, ambaye mji mzima unamwita Tabasamu kwa kuwa hata msibani hawezi kuufunga mdomo, alimwita msichana wake wa ofisini akamwambia: "Watengenezee waandishi nakala za kila kitu, tuonekane watu wa uwazi." Alichotaka ni picha za pomboo na hotuba ya Mkurugenzi. Lakini msichana wa watu ni mpya kazini, ndiyo kwanza ana mwezi. Aliambiwa kila kitu, akadhani ni kila kitu. Akachukua jalada zima, akasimama kwenye mashine siku mbili, akatoa nakala arobaini za kila ukurasa, akazifunga utepe. Utepe aliununua kwa pesa yake.

Kwa hiyo wakati mjanja mmoja anachomoa ukurasa kwenye jalada la Tume, nakala zake arobaini zilikuwa zimelala kwenye mapaja ya waandishi wa habari. Mahali salama zaidi nchini. Pale hakuna anayesoma.

"Arobaini na saba!" Mkaguzi alipaza sauti, akaiweka folda mbele ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti akafumbua jicho la pili. Wanaomjua walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuyaona yote mawili kwa pamoja tangu astaafu. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"'Kisima namba nne. Valvu ya usalama. Shinikizo: zuri. Kuvuja: hakuna. Maoni ya jumla: valvu ina afya njema, iendelee na moyo huo huo.' Tarehe..." Akasita. "Karani, leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili, mheshimiwa."

"Ya mwezi huu?"

"Mwezi huu huu, mheshimiwa."

"Hapa pameandikwa tarehe kumi na nne. Mwezi ujao." Akamgeukia Wakili. "Wakili msomi, hii valvu sasa hivi iko wapi?"

"Iko chini, mheshimiwa."

"Chini wapi? Chini ya meza?"

"Chini ya bahari. Kama mita mia tatu."

"Iko nzima?"

"Iko vipande viwili, mheshimiwa. Vinavyojulikana."

"Na mwezi ujao itapimwa, itafaulu."

Wakili alijifuta paji la uso. "Mheshimiwa, Kampuni yangu daima hutazama mbele."

Weee! Ukumbi ulilipuka. Bwana mnene alisahau joto, akaanza kuandika mbio mbio. Wenzake thelathini na tisa wakawa wanakata utepe, huyu kwa funguo, yule kwa kucha. Tabasamu alikuwa bado anatabasamu lakini jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye meno.

Msimdharau Wakili, jamani. Mtu hawi wakili wa mafuta kwa kuteleza mara moja. Alisubiri kelele zishuke, akauliza kwa upole kabisa:

"Mheshimiwa, naomba kujua tu. Sahihi iliyo chini ya fomu hiyo ni ya nani?"

Waandishi wakainua kalamu.

Mkaguzi alijua swali hilo linakuja. Alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu alfajiri.

"Ni yangu," alisema.

"Sema kwa sauti, mama, wa nyuma wasikie."

"Sahihi ni yangu! Niliiweka kwenye fomu tupu. Mwezi wa kwanza, kwenye semina."

"Semina gani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Semina ya Maadili ya Ukaguzi, mheshimiwa."

Mwenyekiti aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Eleza."

Akaeleza, naye hakujitetea hata kidogo. Sheria inasema mkaguzi afike jukwaani kila mwezi, aipime kila valvu kwa mkono wake. Sheria haikusema afikeje. Mamlaka haina helikopta. Kampuni inayo, na wakaguzi wakiomba usafiri helikopta huwa iko kwenye matengenezo. Kiongozi akitaka kwenda kupiga picha amevaa kofia ngumu, inapona siku hiyo hiyo. Basi pakazuka utaratibu. Kila mwaka Kampuni inawapeleka wakaguzi wote hotelini siku tatu kujifunza maadili. Siku ya pili, kati ya chai ya saa nne na mada ya uadilifu, zinapitishwa fomu. Visima vinne, miezi kumi na miwili, fomu arobaini na nane. Unasaini zote kwa mkupuo, tupu. Wenyewe wanaita kusaini kwa jumla. Kampuni ndiyo inayojaza yaliyobaki kwa wakati wake, na kama unavyoona ilikuwa na haraka, ikajaza mwaka mzima kabla mwaka haujafika.

"Nimefanya hivyo miaka kumi na moja," alisema Mkaguzi. "Kwenye jukwaa lenyewe sijawahi kukanyaga. Naliona kwenye kalenda ya ofisini."

"Uongo mtupu!" Bosi wa Mamlaka aliruka. "Mheshimiwa, mimi utaratibu huo siujui! Fomu zilipopitishwa mimi nilikuwa chooni."

"Miaka yote kumi na moja?"

Bosi akakaa.

Mwenyekiti aligongagonga meza kwa kidole, akifikiri. "Kwa hiyo valvu hii haikupimwa kamwe. Na kama ilikuwa mbovu tangu zamani, huyu kijana hata angeifunga kwa mikono, miguu na meno, isingefunga."

"Ndiyo, mheshimiwa! Ndicho ninachosema!"

"Basi mashtaka dhidi ya huyu kijana..."

"Mungu mkubwa!" Mama alilia kutoka safu ya nyuma. Mdogo mtu aliinua uso. Machozi yalikuwa yanamshuka, na alimtazama dada yake kama alivyokuwa akimtazama utotoni, alipompeleka shule siku ya kwanza. Mkaguzi alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Jela aende yeye, sawa, alijisemea, liwalo na liwe, ilimradi huyu anarudi nyumbani.

Haya furahini, wasomaji wangu. Furahini upesi upesi, kwa sababu Wakili amesimama tena.

"Mheshimiwa, kabla hujatoa uamuzi. Fomu hiyo ina upande wa pili."

Mwenyekiti akafunua. Kweli. Nyuma kulikuwa na sehemu fupi: *Mimi niliyesaini hapa nilishuhudia kipimo hiki kikifanyika.* Na sahihi moja.

Mkaguzi alijua sehemu hiyo ipo. Siku zote hujazwa na meneja wa jukwaa, ndivyo anavyojua yeye, ndivyo ilivyo kwenye maelekezo. Hakuwa amejisumbua kuiwaza.

"Shahidi ni nani?" aliuliza Mwenyekiti. "Mwandiko huu mimi unanishinda. Soma wewe, mama."

Akaipokea. Akaitazama. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja kushoto badala ya kulia, na duniani kuna mtu mmoja tu anayeukunja hivyo, kwa sababu alikataa katakata kukosolewa akiwa na miaka sita, mezani jikoni kwao, na aliyekuwa anamkosoa ni yeye.

"Haisomeki, mheshimiwa," alisema.

"Jaribu."

"Haisomeki kabisa. Wino umefifia."

Wakili akachomoa miwani yake mwenyewe mfukoni, akaifuta kwa leso ya hariri, akamnyooshea. "Jaribu na hii, dada yangu. Inasaidia sana."

"Nimesema haisomeki!"

"Inasomeka, dada."

Sauti ilitoka kwenye kiti cha mshtakiwa. Kijana alikuwa amesimama.

"Kaa chini wewe!" Mkaguzi alimfokea, kama wako nyumbani. "Kaa chini, nyamaza!"

"Ni yangu, mheshimiwa. Meneja wa jukwaa alinipa rundo zima nisaini. Nikamwambia mimi sijaona kipimo chochote. Akacheka, akanionyesha upande wa mbele. Akaniambia, dada yako ameshasaini, wewe ni nani?" Akamgeukia Mkaguzi. "Nikaiona sahihi yako, dada. Nikasema kama dada ameona, basi ni salama. Sikusoma hata tarehe. Nikasaini zote."

Mkaguzi alishika ukingo wa meza. Hakuna tusi alilowahi kutukanwa, na katika ofisi ile katukanwa mengi, lililomuumiza kama maneno hayo ya upole. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakili, yeye, alikuwa amepata uhai mpya. Alitandaza mikono.

"Mheshimiwa, sasa picha imekamilika! Dada anasaini mbele, mdogo anasaini nyuma. Hii ni njama ya kifamilia. Kampuni yangu, iliyowaamini watu hawa, ndiyo iliyodhulumiwa. Mteja wangu hadai fidia. Mteja wangu anataka tu aombwe radhi."

"Na yule meneja aliyempa rundo?" aliuliza Mwenyekiti.

"Yuko likizo, mheshimiwa. Nje ya nchi. Kule hakuna simu."

Mwenyekiti akagonga meza. "Tunapumzika dakika kumi. Mkaguzi na mdogo wake wasitoke nje ya jengo."

Dakika kumi. Nenda kachukue maji ukipenda, mimi namfuata Mkaguzi nje ya ukumbi, kwenye korido, karibu na ule mtungi wa maji ambao hauna maji. Hakufika hata kuuegemea. Tabasamu alikuwa ameshafika.

"Pole sana, dada. Siku ngumu." Akatoa karatasi moja kwenye mkoba, imepigwa chapa vizuri, ina mstari mtupu chini. "Tusipoteze muda. Hapa unasema sahihi zote mbili uliziandika wewe. Ya mbele yako, ya nyuma ulimghushi mdogo wako. Yeye hajui lolote. Anaondoka leo na mama yake, mashtaka yamekwisha."

"Ameshakiri mbele ya watu wote."

"Tutasema alijitwika kosa kwa mapenzi ya ndugu. Watu wanapenda sana mambo hayo. Watalia."

Mkaguzi aliisoma karatasi. Aliisoma taratibu, kila neno, jambo ambalo kwa kazi yake lilikuwa geni. Kwenye aya ya tatu akasimama.

"Hapa mmeandika kwamba visima vingine vitatu nilivipima mwenyewe, na ni vizima."

"Hayo ni ya kukamilisha tu."

"Sijavipima. Hakuna aliyevipima. Valvu ni zile zile, zilinunuliwa siku moja. Visima vinatoa mafuta sasa hivi tunavyoongea!"

"Na vitaendelea, Mungu akipenda." Tabasamu akamwekea kalamu juu ya karatasi. "Usipoandika, mnaingia wote wawili. Ukiandika, anatoka mmoja. Hesabu ya darasa la kwanza hii."

"Mwanangu."

Mama alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuna ajuaye alikuwepo tangu lini. Fulana ya BAHARI SAFI ilikuwa imemganda mwilini kwa jasho, na mikono aliishika mbele, vidole vimeachana, maana vikigusana vinauma.

"Mama, umesikia wanachotaka?"

"Nimesikia. Andika."

Mkaguzi alidhani hakusikia vizuri. "Mama, wanataka niseme..."

"Andika, mwanangu. Mke wa mdogo wako ana mimba ya miezi saba. Ana nyumba inayomngoja. Wewe huna anayekungoja."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya unga, na ndiyo maana lilimchoma Mkaguzi hadi kwenye mfupa. Miaka arobaini na mbili, na ndiyo kwanza anasikia kwa sikio lake alivyopimwa nyumbani kwao.

"Mama, kwenye vile visima vitatu kuna vijana sitini. Ikikatika valvu nyingine, si mafuta tu. Panalipuka."

"Visima sikuvizaa mimi," alisema Mama. "Huyu nimemzaa."

"Na mimi, mama?"

Kwa ile mikono iliyochunika Mama akaichukua kalamu, akaiweka kati ya vidole vya binti yake, akavifunga vidole hivyo kimoja kimoja juu yake, na kila kimoja kilimtoa Mama sauti ya maumivu.

"Nisamehe," alisema. "Andika."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa, Karani akatoa kichwa. "Mheshimiwa amerudi. Mkaguzi, unaitwa."

Mkaguzi akaiegemeza karatasi ukutani, akaishikilia kwa kiganja cha kushoto. Tabasamu alisogea pembeni kwa adabu, akajifanya anasoma tangazo la kuzuia moto. Mama alibaki pale pale begani kwa binti yake, akiifuata kalamu kwa macho. Na kabla binti hajamaliza mstari wa kwanza, bi mkubwa akaziba mdomo, akaanza kulia, kwa sababu kilichokuwa kinaandikwa pale kilikuwa kirefu mno kuwa jina la mtu, nacho kilianza na neno "Sijavipima".